Nilipona kansa nikiwa mtoto, sasa naambiwa watu wa kabila letu ndo tunaumia zaidi moyoni

SWALI

Shikamoo Anti. Naomba usitaje jina langu wala nchi ninayoishi, watu wetu huku ni wachache na tunajuana wote.

Mi nina miaka 23, mtoto wa wahamiaji. Nikiwa na miaka 8 niliugua leukemia, ile kansa ya damu, nikatibiwa miaka miwili na ushee, kemo, sindano za uti wa mgongo, kulazwa kutoka kulazwa tena, mpaka wakasema nimepona. Saa hivi naenda kliniki mara moja kwa mwaka kuangaliwa tu. Kwa nje niko vizuri, nafanya kazi, nacheka na watu. Ndani sio hivyo Anti. Wiki ya chekap silali kabisa, nikiona alama ya bluu mguuni najifungia chooni naiangalia kama imekua, moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa tu, kichwa kinauma, nimeenda hospitali ya kawaida mara kibao naambiwa hakuna kitu. Kuna siku naamka sioni maana ya chochote. Na kuna kijana tulilala vitanda vya jirani wodini, yeye hakupona, mpaka leo nikifurahi sana namkumbuka halafu furaha inakatika hapohapo.

Nyumbani hakuna anayelitaja hilo neno. Mama husema "ule wakati ulipokuwa unaumwa" basi. Mi mwenyewe nilijua ni kansa nikiwa na miaka 13, nilisoma kwenye karatasi ya hospitali iliyokuwa kabatini, kabla ya hapo nilikuwa naambiwa damu yangu ni chafu inasafishwa.

Sasa juzi sisi manusura tuliitwa kwenye kikao, akaja mtafiti mmoja na grafu zake, akasema waliopona kansa utotoni wa makabila ya wachache wako chini kihisia kuliko wenyeji. Anti nilijisikia vibaya sijui nisemeje, pembeni yangu amekaa rafiki yangu ambaye ni mwenyeji, tuliugua ugonjwa mmoja, wodi moja, na yeye anaongea habari zake bila shida, picha yake akiwa na kipara ndo ameiweka profaili, na mimi hata kazini hawajui. Nikajiuliza ina maana sisi tumeumbwa wadhaifu? Nikamwambia kaka yangu, akacheka, akasema watu wetu hawana dipresheni, hiyo ni ya wenyeji wasio na shida nyingine, wewe sali na ushukuru uko hai. Nimsikilize nani, yule wa grafu au kaka?

Halafu kitu kingine. Kliniki kuna fomu unajaza kabla ya kumwona daktari, inauliza wiki mbili zilizopita umekosa raha siku ngapi, umekosa usingizi, umejiona huna thamani, vitu vya hivyo. Mama huwa anakuja na mimi mpaka leo, anakaa hapa pembeni na pochi yake mapajani, kalamu yangu ikisogea upande wa "karibu kila siku" ananigusa goti. Natia tiki "hapana" zote tisa. Nesi anaichukua anasema vizuri sana, tunaingia ndani.

Na mwisho kuna kijana ambaye tuko siriazi, anataka kuja kujitambulisha nyumbani. Mama amesema nisithubutu kumwambia, ataniacha, na hata akikubali nitazaa watoto wenye kansa. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu, na asante kwa hiyo habari ya fomu, maana nusu ya jibu langu iko hapo.

Ila kabla ya grafu na kaka na mchumba, nianze na ile sentensi umeipitisha haraka, kwamba kuna siku unaamka huoni maana ya chochote. Nakuuliza wazi kama ambavyo ningekuuliza tukiwa tumekaa wawili: umewahi kufikiria kufa au kujidhuru? Kama ndiyo, usingoje chekap ya mwaka wala barua nyingine kutoka kwangu, leo hii mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini akusindikize hospitali, idara ya dharura, useme hivyohivyo kwa maneno hayohayo. Kukuuliza hakukutii wazo kichwani, hilo limeshaonekana sana, watu wengi wanapumua tu pale wanapoulizwa. Kama sio hivyo basi tuendelee, ila jibu unalo wewe na usinidanganye mimi kama unavyomdanganya nesi.

Haya, grafu. Yule mtafiti hajatunga, kuna tafiti zinazoonyesha manusura wa makabila ya wachache wana hali mbaya zaidi kihisia, na kuna nyingine zinaonyesha hakuna tofauti, na nyingine zimekwenda kinyume kabisa. Nikupe mfano mmoja. Marekani kuna utafiti mkubwa wa watu waliopona kansa ya utotoni, unaitwa Childhood Cancer Survivor Study, ulianza 1994, unaratibiwa na hospitali ya watoto ya St. Jude kule Memphis, unafuatilia maelfu ya watu waliougua kabla ya kufika miaka 21 na kuwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Mwaka 2005 walitoa ulinganisho wa manusura weupe, weusi na Wahispania, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Walipozingatia kipato, elimu na bima ya afya, hali ya afya kwa ujumla ikawa inafanana, na upande wa akili manusura weusi ndo wakaonekana wana uwezekano mdogo zaidi wa kuripoti hali mbaya. Ukimsomea kaka yako hapo atapiga makofi.

Asipige haraka lakini. Kwanza katika utafiti huo weupe ndo wengi sana, wengine wote ni sehemu ndogo. Pili angalia neno nililotumia, kuripoti. Utafiti wa aina hii unaokota kile mtu alichokubali kukiandika. Sasa wewe fomu zako za miaka yote hii ziko kwenye faili na zinasema una furaha kuliko binadamu yeyote pale kliniki, tisa kwa tisa. Akija mtafiti kesho akazikusanya, kabila lenu litatoka linang'aa, na aliyekugusa goti hataonekana kwenye grafu. Mi siwezi kukwambia wale wa 2005 walifichaficha au walikuwa sawa kweli, inawezekana kabisa dini na ndugu wengi vinawabeba watu, na hilo nalo limeandikwa sana. Ninachokwambia ni kwamba grafu peke yake haikusomei moyo wako, wala kicheko cha kaka hakikusomei.

Na hili la kuumbwa wadhaifu ling'oe leo. Hakuna kitu kwenye damu ya kabila lolote kinachofanya mtu ashindwe kubeba kumbukumbu za wodini. Katika tafiti hizi, wanaojitokeza tena na tena kuwa na dhiki zaidi ni wanawake, wenye kipato kidogo, wasio na kazi, wenye maumivu au maradhi yaliyobaki baada ya matibabu, na waliopigwa mionzi ya kichwa. Wengi zaidi wako sawa tu kihisia, hilo pia waambiwe watu, maana manusura anayesikia takwimu za huzuni kila siku naye anachoka. Sasa familia ya wahamiaji angalia inaangukia wapi kwenye orodha hiyo. Baba na mama wa rafiki yako nadhani waliongea na daktari moja kwa moja, wakauliza, wakarudi kuuliza tena, shuleni pengine mtu alienda akawaeleza wenzake kwa nini hana nywele. Wenu walikuwa wanaelewa nusu ya maneno, wanaogopa kazi kwa ruhusa nyingi, hawajui nani wa kumuuliza, na mara nyingi kwenye familia kama hizo mtoto mwenyewe ndo mkalimani, anamtafsiria mama yake habari za ugonjwa wake mwenyewe, kitu ambacho mi kinanikera mpaka leo kwa sababu hospitali ndo zinapaswa kutoa mkalimani. Halafu ongeza dharau ndogondogo za mapokezi. Hivyo vyote vikijumlishwa vinaandikwa kwenye grafu kwa neno moja, kabila, na wewe ukikaa pale chini unasikia kama umetukanwa.

Kuna na suala la kuambiwa. Zamani sana, 1982, watafiti Marekani walichunguza waliopona wakaona kwamba wale waliojua mapema kwamba ni kansa walikuwa wamekaa vizuri zaidi kisaikolojia kuliko waliofichwa au waliokuja kugundua wenyewe baadaye. Wewe uligundua kwenye kabati una miaka 13. Yaani miaka mitano umeambiwa damu ni chafu, halafu siku moja peke yako na karatasi unajua ukweli na pia unajua kwamba wote walikuwa wanajua. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini rafiki yako anaweka kipara profaili na wewe huwezi, naanza kuangalia hapo kabla sijaangalia ngozi.

Mama yako sasa. Najua umekasirika naye, barua yako imejaa mama. Ila jua kwamba wazazi wa watoto waliougua kansa wengi wanabaki na mshtuko wa siku zile miaka mingi baadaye, wakati mwingine kuzidi mtoto mwenyewe, maana mtoto mengine alilala yakapita, mzazi alikuwa macho. Anapokugusa goti nadhani anaogopa ukiandika "karibu kila siku" watakuita tena, mlango ule ufunguke upya. Usimshambulie. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mama, mwaka huu nataka niingie mwenyewe, ukiningoja nje utanisaidia zaidi." Kama bado haelewi lugha ya daktari na anataka kuuliza yake, omba kliniki wampe mkalimani wao, kwenye simu au ana kwa ana, sio wewe na sio kaka. Hospitali nyingi zinazopokea wahamiaji zina huduma hiyo, ila uombe kabla ya siku yenyewe.

Na ile fomu uijaze kweli. Maswali tisa ya wiki mbili ni kipimo cha dipresheni kinachotumika karibu dunia nzima, kila swali lina alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla ikifika 10 na kuendelea kawaida wanataka kukaa na wewe mzungumze vizuri. Ukijaza sifuri zote unafunga mlango huo kwa mkono wako. Kama hutaki kuijaza ukumbini, omba uijazie ndani kwa nesi. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba manusura wa kansa ya utotoni waulizwe habari za akili zao, yaani wasiwasi, huzuni, mshtuko, mawazo ya kufa, katika kila ziara ya ufuatiliaji, maisha yao yote. Kwa hiyo ukisema hulali wiki nzima kabla ya chekap humsumbui mtu, wanapaswa kukuuliza hata usiposema. Na hiyo ya kutolala wala sio yako peke yako, waulize wenzako kwenye kikao kijacho nani huwa analala, utachekeshwa.

Moyo kwenda mbio na kichwa kuuma, hapa nakuomba unisome taratibu kidogo. Watu wengi dhiki yao haiji kama huzuni, inakuja kama kifua, kichwa, tumbo, ndo maana hata vipimo wanavyotumia watafiti vina sehemu nzima ya maumivu ya mwili, na mtu aliyelelewa nyumba ambayo huzuni haitajwi mwili wake ndo unasema. Lakini wewe ulitibiwa leukemia, na kwenye matibabu hayo kuna dawa kama doxorubicin, ile dripu nyekundu, zinazoweza kuuchosha moyo hata miaka mingi baadaye. Kwa hiyo daktari wa kawaida asiyejua historia yako akikwambia hakuna kitu, usiridhike, na mimi nikikwambia ni mawazo tu ntakuwa nakudanganya vilevile. Nenda kliniki yenu ya ufuatiliaji uombe muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi: dawa gani, dozi jumla kiasi gani, mionzi ulipata au hukupata, na ratiba ya vipimo unavyotakiwa kufanya. Kama ulipata dawa za kundi hilo, uliza lini mara ya mwisho moyo wako ulipimwa kwa eko, ile ya kupaka jeli kifuani kama altrasaundi. Ukikuta moyo uko salama, utashika habari ya wasiwasi kwa mikono miwili bila kuogopa kwamba kuna kitu kimeachwa.

Kwa huo wasiwasi wenyewe, omba rufaa kwa mwanasaikolojia au kaunsela, ikiwezekana anayejua habari za manusura wa kansa, na kama kuna anayeongea lugha ya nyumbani kwenu uliza, ila usiache kwenda kwa sababu hayupo. Wengine wanaogopa kaunsela wa lugha yao ndo ataeneza habari kwa jamii. Anafungwa na sharti la kutunza siri, lakini kama hofu hiyo inakukaba basi chagua wa nje na uende, huna deni la kumweleza mtu sababu. Tiba ya mazungumzo inayokufundisha kukamata wazo kama "alama hii ya bluu ni kansa imerudi" na kulipima kabla halijakubeba, inasaidia sana watu wenye hofu kama yako. Dawa zipo pia ikibidi. Kusali endelea kusali, hakuna anayekunyang'anya, ila kaka yako aelewe kwamba ulipokuwa na miaka 8 walisali na pia walikupeleka hospitali, hakuna aliyesema chagua kimoja.

Habari ya yule kijana wa kitanda cha jirani sitaiongea sana, imekaa vizuri ulivyoiandika. Mtajie kaunsela siku ya kwanza, usisubiri ya tano. Kujisikia na hatia kwa sababu wewe ulibaki ni kitu wanachokijua manusura wengi na kinapungua kikisemwa kwa jina la mtu mwenyewe, sio "kuna mtoto mmoja".

Tuje kwa huyo wa kujitambulisha. Mama yako anaogopa mambo mawili, moja la kweli na moja sio. Kwamba anaweza kukuacha, ndiyo, anaweza, wapo wanaoacha, na hilo siwezi kukuahidi. Kwamba utazaa watoto wenye kansa, hapana. Watoto waliozaliwa na manusura wamefuatiliwa na kwa ujumla hawapati kansa zaidi ya watoto wengine, isipokuwa pale ugonjwa wenyewe ni wa kurithi, kama ile kansa ya jicho ya watoto ya aina inayorithiwa. Leukemia ya utotoni kwa wengi sana sio ya kurithi. Kuhusu kushika mimba, wanawake wengi waliotibiwa leukemia ya watoto kwa kemo bila kupandikizwa uboho wala mionzi ya tumbo wanakuja kuzaa, ila inategemea dawa na dozi, na wengine uzazi unaweza kuisha mapema kuliko kawaida, ndo maana hiyo karatasi ya muhtasari nakung'ang'aniza. Na kama ulipata zile dawa za moyo, daktari wa uzazi atatakiwa ajue mapema ili wakupime moyo kabla ya mimba au mwanzoni mwake, kwa hiyo siri ambayo mama anataka uitunze ina siku itakuhatarisha wewe mwenyewe kwenye kitanda cha kujifungulia.

Kumwambia lini ni uamuzi wako, sio wa mama wala wangu. Maoni yangu ni kabla hajaja nyumbani, maana akishakuja na wazee wake hiyo habari inakuwa ya koo mbili na kila mtu atakuwa na neno. Mwambie mkiwa wawili, mchana, sehemu ambayo mnaweza kukaa hata masaa mawili, anza na lililo kubwa, "nikiwa na miaka 8 niliugua kansa ya damu, nikapona," halafu nyamaza umwache aulize. Usimalizie na samahani, hujamkosea kitu. Wazazi wake hawahitaji kujua zaidi ya kile utakachoruhusu wewe na hilo umwambie palepale, ili asiende kumhadithia mama yake jioni hiyohiyo kwa nia njema. Ila chukua muhtasari wako kliniki kwanza, kisha ndo mkutane. Maswali yake ya kwanza yatakuwa yaleyale ya mama yako, kama itarudi na kama mtazaa, na itakuwa rahisi zaidi kwako ukiyajibu kwa yale daktari aliyokuandikia kuliko kwa yale ulikuwa unayasikia jikoni.